Siku Niliyoikata Horombo

Mimi ndiye niliyeratibu safari ya klabu yetu ya jogging kwenda Kilimanjaro, na kosa lililomfanya dada mmoja ateremshwe kwa machela usiku wa manane lilikuwa langu. Naliandika kwa sababu huku Temeke bado inasemwa kwamba alishindwa kwa uvivu wa mazoezi, na maneno hayo yalianzia kinywani mwangu.

Mkazi yeyote wa Temeke anazijua klabu hizi. Jumapili alfajiri barabara za Tandika, Mtoni na Mbagala hujaa watu waliovaa fulana za rangi moja, wanakimbia huku wanaimba, filimbi mbele, gari la muziki nyuma. Mwaka ule mwenzetu mmoja akatoa wazo kwamba Desemba 9 itukute kileleni, kama makundi mengi yanavyofanya kumkumbuka Luteni Alexander Nyirenda, aliyesimika bendera na mwenge pale juu Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Wazo likapigiwa makofi. Maandalizi nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa mweka hazina na sifa yangu ilikuwa kubana matumizi.

Kwenye nguo nilijitahidi kweli. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Dar ikiwa na nyuzi 30, hesabu ya karatasi inakupa nyuzi 8 chini ya sifuri kwenye kilele cha mita 5,895, na hapo upepo haujavuma. Tukaingia sokoni kwenye mitumba. Makoti mazito ya kutoka nchi za theluji hayana mteja Dar es Salaam. Muuzaji akifungua belo akayakuta hununa, huyatupia pembeni akisubiri msafiri wa Mbeya au Makete, kwa hiyo bei yake huzungumzika. Tukachagua makoti, masweta ya sufu, glovu, soksi nene na kofia za kufunika uso. Jinzi na fulana za pamba nikazipiga marufuku, maana pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na kwenye baridi kali inamgandisha aliyeivaa. Buti tukazivaa mapema ili zituzoee miguu. Kukimbia na buti za baridi kutoka Tandika mpaka Mtoni, Novemba, katika joto lile! Watoto walitukimbilia nyuma wakizomea.

Maandalizi hayo mazuri ndiyo yaliyonipa kiburi.

Njia tuliyochagua ni ya Marangu, yenye mabanda ya kulala. Siku ya kwanza unafika Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, mita 3,720. Katika ratiba ya siku sita, siku ya tatu huhami kituo. Unapanda taratibu hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, unarudi, unalala Horombo tena. Ndipo unakwenda Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, na usiku wa manane unaanza kukikabili kilele. Ratiba ya siku tano inaruka siku hiyo moja tu.

Nilipoona tofauti ya gharama, yaani kiingilio cha hifadhi, malazi, chakula, posho za waongozaji na wapagazi, nikaikata. Kwenye kikao nilisema wageni wa Ulaya ndio wanaohitaji kupumzika, sisi tuna pumzi za jogging. Hakuna aliyepinga. Wengi walikuwa wanachanga kwa kudunduliza, na yule dada, fundi cherehani, alikuwa ametoa fedha ya mgao wake wote wa kikoba. Nikajiona nimemsaidia.

Nilichokuwa sikijui, na ambacho ningeweza kukiuliza kwa simu moja tu, ni kwamba hewa ya mlimani haimjali mkimbiaji. Kileleni shinikizo la hewa ni takriban nusu ya lile la pwani, na kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa kiwango hicho. Mwili huzoea kwa kubadili namna unavyopumua, kisha damu na figo nazo zinajirekebisha, na kazi hiyo inataka muda. Mazoezi hayafupishi muda huo. Mwenye mapafu mazuri yuko hatarini kwa namna yake, maana anapanda haraka na kufika juu kabla mwili haujajua yuko wapi.

Tulipofika Horombo mwongozaji wetu, mtu mzima wa Marangu, alinivuta pembeni. "Kaka, kesho hamlali hapa?" Nikamjibu watu wangu ni wa mazoezi. Akanitazama, akasema, "Pole pole," akaondoka.

Kibo yule dada hakugusa chakula. Kichwa kilimuuma, akatapika, akasema ni uchovu. Mimi pia kichwa kilinigonga, nikameza dawa ya maumivu nikanyamaza, kwa sababu mratibu akilalamika kundi linavunjika. Tukaondoka usiku. Hatukwenda mbali akaanza kupepesuka kama mlevi na kuongea maneno yasiyofuatana. Mwongozaji hakutuomba ushauri. Alimgeuza palepale, msaidizi wake akamrudisha Kibo, na kutoka hapo wapagazi wakamteremsha kwa machela ya tairi moja hadi Horombo. Alipofika chini akili ikamrudia. Bila uamuzi wa yule mzee leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Mimi niliendelea. Nilifika Gilman, kwenye ukingo wa kreta, nikapiga picha na bendera nikiwa sioni vizuri.

Tuliporudi Dar watu waliuliza imekuwaje fundi akarudishwa. Nikasema alikuwa anakosa Jumapili nyingi. Ni kweli alikuwa anakosa, alikuwa na sare za shule za kushona. Lakini nilijua kwamba Jumapili hazikuhusika, kwa sababu daktari aliyemwona Moshi alituuliza mbele yangu tulilala wapi na kwa siku ngapi, akatikisa kichwa. Yeye hakujitetea. Aliacha kuja mazoezini tu.

Nimekwenda kwake, nikamwambia haya yote mbele ya mume wake, na nimeyasema kwenye kikao cha klabu. Fedha yake namrudishia kidogo kidogo.

Wewe unayejiandaa na Desemba, koti utalipata sokoni. Ila mratibu wako akikuletea ratiba ya siku tano kwa njia ya Marangu, muulize mbele ya watu siku ya pili ya Horombo imekwenda wapi. Akikujibu habari za mazoezi, dai fedha yako.