Mshenga wa mpira alipobisha hodi

Kwetu Manyoni anayetaka kumchukua binti wa watu hutanguliza mshenga. Na mshenga anajulikana: ana ukoo, ana kijiji, na mambo yakiharibika baada ya miaka mitatu tunajua mlango wa kwenda kugonga. Kwa hiyo miaka miwili iliyopita mtu mmoja alipotupigia simu akisema anataka kumpeleka mtoto wa kaka yangu akacheze mpira Ulaya, swali la kwanza la baba yangu halikuhusu mpira. Aliuliza, "Huyo ni wa kwa nani?" Hakuna aliyejua.

Binti mwenyewe sasa ana miaka 18 na miezi kadhaa, na tangu mwezi uliopita yuko Uturuki, ameajiriwa na klabu ya wanawake. Jina lake na la klabu nayaacha, ndivyo tulivyokubaliana naye kabla sijaandika. Mimi ni shangazi yake. Amekaa kwangu tangu kidato cha kwanza, maana kaka na wifi wanalima alizeti kijijini, na kutoka kwao hadi sekondari ni mwendo ambao mtoto wa kike hafai kuutembea gizani.

Alianza kucheza shule ya msingi, peku, na wavulana, katika lile vumbi letu la kiangazi ambalo likivuma huoni goli la upande wa pili. Mwalimu wake ndiye aliyemwingiza UMITASHUMTA, akamnunulia viatu vya kwanza kwa fedha ya mfukoni mwake, vya mtumba, namba moja zaidi ya mguu wake ili vidumu. Baadaye ikaja UMISSETA, akavaa jezi ya mkoa wa Singida, kisha timu moja ya Dodoma ikamwona. Ukutani kwangu alibandika picha tatu: Aisha Masaka aliyekwenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022 na miaka miwili baadaye akahamia Brighton ya Uingereza, Clara Luvanga wa Al Nassr ya Saudi Arabia, na Opah Clement aliyetoka Simba Queens akaenda Uturuki. Samatta hakumbandika. Nilipomuuliza akasema, "Shangazi, Samatta ni wa kaka zangu."

Turudi kwa yule wa simu. Alitaka shilingi milioni nne. Za viza, tiketi na "majaribio", alisema, na zitumwe kwenye simu yake kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi ni chache. Binti alikuwa na miaka 16. Kaka yangu si mtu wa tamaa, lakini mkulima wa alizeti akiambiwa mwanawe atalipwa kwa euro, anahesabu ng'ombe. Alikwisha kupata mnunuzi wa wanne.

Mimi ni mwalimu, kazi yangu kusoma, nikasoma. Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Kuna vighairi, kwa mfano wazazi wenyewe wakihamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, au wanaoishi karibu sana na mpaka, au wa miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya. Hakuna hata kimoja kinachomhusu mtoto wa Manyoni anayekwenda peke yake. Nilimpigia yule bwana nikamsomea. Hakubabaika hata kidogo. "Mama," akasema, "umri ni karatasi tu, cheti kingine kinapatikana."

Hapo ndipo nilipomwambia kaka arudishe ng'ombe zizini. Mtu anayeanza kwa kumbadilishia mwanao siku ya kuzaliwa, akishamfikisha ugenini atambadilishia nini kingine? Tunasikia habari za vijana wa Kiafrika waliofikishwa mji wa mbali, wakaachwa hotelini na simu ya wakala ikazimwa. Sikutaka jirani zangu waisome yetu gazetini.

Binti hakunisemesha wiki mbili. Alikuwa anapika, anafua, anaamkia asubuhi "shikamoo shangazi" kwa adabu zote, na basi. Siku moja akaniambia nimemzibia riziki. Nilimwambia riziki haina kikomo cha mwisho wa mwezi. Akaondoka mezani. Ilikuwa miezi migumu nyumbani kwangu, sitaificha, na wifi yangu naye alikuwa na maneno yake chini chini, kwamba shangazi asiye na binti wa kumzaa anajifunza ulezi kwa mtoto wa mwenzake.

Mwaka huu, alipotimiza 18, akaja mwingine. Huyu alikuja na kocha wa timu ya Dodoma, akaketi kwenye mkeka, akataja jina lake lote. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha leseni za mawakala, na kuipata lazima mtu afaulu mtihani. Majina yao yako wazi kwenye tovuti ya FIFA. Tulilitafuta jina lake yeye akiwa amekaa pale pale anakunywa chai. Likaonekana. Baba akaomba aoneshwe kwenye kioo cha simu, akavaa miwani, akalisoma herufi kwa herufi, kisha akasema sasa tunaweza kuongea.

Kikao kilifanyika Jumapili mbili. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na aliyetufasiria ni binti mwenyewe, kipengele kwa kipengele, amesimama kama anayesoma risala. Nafikiri siku ile ndiyo wifi yangu alianza kumwona ni mtu mzima.

Baba ni mstaafu wa reli, alifanya kazi stesheni ya Manyoni enzi za Radio Tanzania, na kwake kila jambo la michezo linapimwa kwa Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Atakutajia medali zetu mbili za fedha, Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Atakukumbusha pia kitu ambacho vijana wengi hawajui, kwamba tulipeleka na timu ya mpira wa magongo, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila na ikamaliza ya sita kati ya timu sita. Wajukuu walicheka. Yeye hakucheka. "Wale walifungwa kumi na nane," akasema, "lakini nyuma yao kulikuwa na Serikali ya kuwarudisha nyumbani. Huyu akivunjika mguu, nauli ya kurudi anayo nani?"

Binti akapekua. Mkataba ulisema klabu italipa tiketi ya kwenda, nyumba ya kuishi pamoja na wachezaji wengine wawili, matibabu na mshahara. Tiketi ya kurudi haikuwamo. Wakala akasema hilo ni jambo dogo, litazungumzwa huko huko. Baba akamjibu kwamba jambo dogo huandikwa kwa maneno machache, basi liandikwe. Zilipita siku tisa, siku ambazo binti hakula vizuri na mimi nililala nikijiuliza kama safari hii kweli tunamzibia. Siku ya kumi mkataba ulirudi na mstari mmoja umeongezwa: tiketi ya kwenda na kurudi kila msimu, na ya kurudi wakati wowote mkataba ukivunjika.

Swali la wifi lilikuwa lile ambalo wanaume wote kikaoni walitazama pembeni lilipoulizwa. Akipata mimba? Hili nalo lina jibu, na nadhani wazazi wengi wa mabinti wanaocheza mpira hawajalisikia. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji mwanamke likizo ya uzazi ya wiki 14 zisizopungua, nane kati yake baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili za mshahara wake, na klabu hairuhusiwi kumfukuza kwa sababu ya ujauzito. Wiki 14 ni siku 98. Mimi mwalimu napewa 84! Wifi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akamgeukia mwanawe akamwambia kwamba kujua haki si ruhusa.

Lipo moja ambalo halikunipendeza na bado halinipendezi. Mvulana akisajiliwa nje kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, klabu zilizomlea tangu miaka 12 hudai fidia ya mafunzo. Kwa wanawake kanuni hizo hizo zinasema fidia hiyo haitumiki. Timu ya Dodoma iliyomlisha na kumtibu goti haikuwa na fungu la kudai. Yule mwalimu wa viatu vya mtumba ndiyo kabisa, hakuna karatasi inayomjua. Tulimwita kwenye chakula cha kumuaga, kaka akampa mbuzi. Alishukuru sana, akasema anao watoto wengine watatu wa kike darasa la sita, mmoja anapiga mguu wa kushoto kama nyundo.

Kumfunda mwari kwetu ni kazi ya shangazi. Nilimfunda, ila mengi niliyofundwa mimi hayakufaa. Nilimwambia pasi ya kusafiria aishike mwenyewe, asimpe kocha wala meneja aitunze. Ile tumeipata kwa kwenda Uhamiaji Singida mara mbili na shilingi 150,000, na si mali ya klabu. Nilimwambia asisaini karatasi ya lugha asiyoisoma. Nilimwambia akiumwa siku zake aseme, asikimbie nazo. Mengine ni ya kwetu wawili.

Begi lilikuwa na kilo 23 na ugomvi wake. Mama yake alitaka aende na blanketi, yeye akataka viatu pea tatu. Mlenda mkavu haukuwa na mjadala, tulisaga na kufunga mifuko minne, kwa sababu Mgogo anaweza kuvumilia baridi lakini si ugali bila mlenda. Asali ya Itigi aliibeba hadi stendi, akabadili mawazo pale pale akampa mdogo wake, akihofia chupa ipasukie jezi. Tulipanda basi hadi Dodoma, yeye na kaka wakaendelea na treni ya SGR hadi Dar es Salaam.

Amecheza mechi mbili, zote akitokea benchi. Analalamika kwamba kocha anaongea Kituruki haraka na yeye anafuata mikono. Amepata rafiki, msichana wa Ghana, na jiko lao lina moto mmoja unaofanya kazi. Mlenda wa kwanza uliungua. Nikamweleza kwenye simu aanze na maji mengi, akoroge taratibu, akaniambia hana mwiko, anatumia kijiko.

Kanuni zinasema klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji akaidai kwa maandishi na kuipa siku 15, anaweza kuvunja mkataba. Binti alimfasiria babu yake kipengele hicho mara tatu. Mzee amechora safu ya mistari kumi kwa chaki kwenye mlango wa ghala, mmoja kwa kila mwezi wa mkataba. Wa kwanza ulilipwa kwa kuchelewa siku nne. Ameuwekea alama, na pembeni ameandika "4".