Mabosi wawili na arobaini ya Baba

Najua nimeadimika hapa kibarazani, na wengine mmeniandikia kuuliza kama niko mzima. Niko mzima, alhamdulillah. Baridi ya hapa Reading ni ile ile, lakini leo sikuja kulalamikia baridi.

Nimesikia kwamba huko Tanga bado kuna maneno kuhusu arobaini ya Baba, mwaka 2023. Kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hakutokea, kwamba Uingereza imemlevya. Shangazi yeye hakuzunguka, alinipigia simu akaniuliza: "Kazi gani hiyo isiyo na mwenyewe wa kukuruhusu?" Siku ile nilishindwa kumjibu. Leo nataka kujibu, ila itabidi nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Mama kila akipiga huniuliza, "Bosi wako hajambo?" Nami hujibu hajambo, maana kuanza kumweleza kwamba ninao wawili ni kumaliza bando bure. Ukweli ni kwamba ninao wawili, na wote ni halali. Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijamfikia mteja. Nabonyeza pasipobonyezwa, naingiza tarehe zisizokuwepo, natafuta kosa kabla mteja hajalikuta. Bosi wangu wa kwanza ni mama mmoja Mskoti, mkuu wa wajaribu programu wote. Yeye ndiye aliyeniajiri, ndiye anayenipima kila mwaka na kusema nastahili nyongeza au sistahili. Bosi wa pili ni mkuu wa mradi, bwana mmoja aliyeko California. Yeye ndiye anayesema leo nifanye nini. Kule wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo yeye akiingia ofisini saa tatu asubuhi, mimi hapa ni saa kumi na moja jioni, nimeshavaa koti niende zangu. Mikutano yetu mingi mnaweza kukisia inafanyika saa ngapi.

Mpango huu wanauita mfumo wa matriksi. Chukua karatasi upige jedwali. Safu za wima ni fani: waandishi wa programu, wajaribu, wachoraji wa kurasa, watu wa seva. Safu za mlalo ni miradi. Kila mfanyakazi anakaa kwenye kijichumba ambapo safu mbili zinakutana, na kila safu ina mkubwa wake. Baba Mdogo, wewe mwalimu utanielewa haraka. Shule yako iko chini ya halmashauri na TAMISEMI, lakini sera na mtaala vinatoka Wizara ya Elimu. Waraka unatoka huku, mwingine unatoka kule, na mwalimu mkuu ni yule yule mmoja!

Msidhani ni wazimu wa kampuni yetu peke yake. Mambo haya yalishika kasi Marekani miaka ya 1960, kwenye viwanda vya ndege na roketi. Serikali ilitaka mtu mmoja wa kumshika shati kwa kila mradi, gharama na tarehe, na wahandisi nao walikuwa wamekaa kwenye idara zao za fani. Ikabidi wawekewe wakubwa wawili. Andy Grove, aliyekuwa mkuu wa Intel, aliutetea katika kitabu chake cha mwaka 1983, huku akikubali kwamba una usumbufu wake. Wapo walioukimbia. Kampuni kubwa ya umeme na mitambo, ABB, iliusifiwa dunia nzima kwa mfumo huo kisha ikauvunja mwaka 1998. Halafu mwaka 2012 Spotify ya Sweden wakaeleza namna yao ya kupanga watu, kila mtu yupo kwenye kikosi cha bidhaa na pia kwenye kundi la fani yake, na kampuni nyingi za programu zikaiga. Kwangu mimi ni nguo ile ile, wamebadilisha kitambaa tu.

Sasa turudi kwenye arobaini. Baba alifariki alfajiri na kuzikwa alasiri ile ile, hilo nyote mnajua nisingeweza kuliwahi. Siku tatu za msiba nilipewa papo hapo, nikazimaliza ndani nikipokea simu zenu. Nikasema basi, arobaini lazima niwepo. Nikamwandikia mama Mskoti naomba wiki mbili. Akajibu kwa huruma kabisa: kwangu hakuna tatizo, ila mwulize mkuu wa mradi kama ratiba inaruhusu. Nikamwandikia bwana wa California. Naye akajibu kwa huruma: mimi sitoi likizo, hilo ni la mkuu wako, lakini tarehe hizo tunatoa toleo jipya, je, nani atalijaribu? Nikarudi kwa mama. Akasema mtu wa kuniziba nafasi anaweza kumtoa kwenye mradi mwingine, ila mkuu wa mradi huo naye lazima akubali. Huyo naye alikuwa likizo.

Jamani, hakuna aliyenikatalia. Hapo ndipo palipo uchungu wenyewe. Angenikatalia mmoja ningegombana naye, au ningeacha kazi nikapanda ndege, ningejua adui yangu nani. Lakini kila mlango niliogonga nilikaribishwa vizuri nikaonyeshwa mlango wa jirani. Barua pepe zilizunguka wiki tatu. Ruhusa ilipokamilika zilibaki siku nne, na nauli ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha ama tiketi ama chakula cha watu. Nikatuma ya chakula. Ndiyo hiyo mliyoila, na sisemi kwa masimango.

Na mimi nina lawama yangu. Ningewaweka wote watatu kwenye simu moja siku ya kwanza, wangemaliza kwa dakika kumi. Lakini nilikuwa na msiba, na nilizoea nyumbani kwamba mkubwa ni mmoja, akisema ndiyo basi ni ndiyo.

Mngenikuta mwaka ule ningewaambia mfumo huu ni laana. Lakini mwaka 2024 mradi wa yule bwana wa California ulifutwa asubuhi moja, bila dalili. Wale waliokuwa wameajiriwa na mradi wenyewe, kwa mikataba, walirudisha kompyuta zao wiki ile ile. Mimi nilikuwa mtu wa mama Mskoti, si wa mradi. Jumatatu iliyofuata alinikalisha kwenye mradi mwingine, kijichumba kingine cha jedwali lile lile. Ada ya mdogo wetu pale chuoni ililipwa kwa mshahara huo. Na huyo mama ndiye aliyenifundisha kazi, maana mkuu wa mradi anataka tarehe itimie tu, kama unajua au hujui si shida yake. Sikujua nimwombee dua au niendelee kumnunia kwa ajili ya arobaini. Nikafanya yote mawili.

Kwa hiyo Shangazi, jibu ndilo hilo. Kazi ina wenyewe wawili, na mara nyingine wanakuwa watatu.

Likizo ya Desemba hii nimeiomba tangu Machi, barua moja, majina yote juu, nikaandika kwamba ni ya kwenda kusoma hitma kwenye kaburi la baba yangu. Wote wamejibu ndiyo, na nimeichapa nikaiweka pamoja na pasipoti. Ila Mama, mbuzi asichinjwe mpaka nipige simu nikiwa Dar.