Shabiki wa Sherlock Kutoka Mgogoni na Kesi Iliyolala Tangu 1995

Mashabiki wa Sherlock wako wa aina nyingi. Wapo wa koti refu na skafu hata kwenye joto la Dar. Wapo wanaomlilia Moriarty mpaka kesho. Wapo wanaosubiri sizoni ya tano tangu Januari 2017, kama abiria aliyekaa bandarini Mkoani na mizigo yake ilhali meli haijulikani kama ipo. Halafu yupo binti mmoja wa Mgogoni, Pemba, ambaye kwa miaka kadhaa aliigomea sirizi nzima bila kuangalia hata dakika moja.

Sababu ilikuwa Bwana Msa.

Kwa asiyemjua: Bwana Msa ndiye mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mzaliwa wa Makunduchi. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, kikachapwa 1960. Ana kiko chake mdomoni, ana rafiki yake Najum, na wala hafichi kwamba ukoo wake unaanzia kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Huyu binti alivikuta vitabu hivyo kwenye kasha la marehemu babu yake, vingine havina jalada. Akavisoma vyote. Kisima cha Giningi alikisoma mara nne, maana Giningi ni mji wa wachawi usioonekana ambao watoto wa Pemba wanatishiwa nao tangu wadogo, na hapo yupo mtu mzima anauingilia kwa akili tu, bila hirizi.

Kwa hiyo shoga yake wa Wete alipomwambia kuna Sherlock mpya, wa siku hizi, anatumia simu na kompyuta, jibu lilikuwa moja: "Mpelelezi gani anapeleleza kwa bando?"

Ramadhani moja shoga huyohuyo akamletea memori kadi. Sizoni zote nne, amerushiwa kwenye kibanda cha muvi, tena zile ambazo hakuna DJ anayepiga kelele juu yake. Binti akasema ataangalia epsodi moja tu, ili apate cha kuponda.

Yakaishia hapo. Usiku wa pili alishamaliza sizoni ya kwanza.

Kilichomvunja nguvu ni jambo dogo sana. Kwenye kitabu cha kwanza cha Holmes, cha 1887, Dokta Watson anarudi London akiwa amejeruhiwa kwenye vita vya Afghanistan. Kwenye sirizi ya 2010, Watson anarudi London akiwa amejeruhiwa Afghanistan. Hakuna aliyelazimisha. Miaka 123 imepita, gari za farasi zimeondoka, teksi zimekuja, na vita viko palepale. Akamwandikia shoga yake usiku wa manane: "Nimekubali. Hawa watu wamesoma."

Lakini epsodi iliyomkalisha kitako si ya kwanza. Ni ile ya sizoni ya pili, The Hounds of Baskerville, iliyorushwa Januari 2012. Mashabiki wengi huipita haraka, wanasema ni ya kawaida tu. Yeye aliingalia baada ya tarawehe, amejilaza ukumbini, na pembeni Bibi yake anachambua mchele wa kesho kwenye ungo.

"Huyo mwanamme mzima analilia nini?" Bibi akauliza.

Ndipo kazi ya kutafsiri ilipoanza. (Kama hujaiona hii epsodi, ruka aya mbili zinazofuata, usije ukalaumu mtu.)

Kuna kijana anaitwa Henry. Alipokuwa mtoto alimwona baba yake akiuawa usiku, porini, na jibwa kubwa lenye macho mekundu. Ndivyo anavyokumbuka. Amekua na hilo jibwa kichwani mpaka amekaribia kurukwa na akili. Kwenye kitabu cha Doyle, kilichotoka gazetini kati ya 1901 na 1902, mbwa alikuwepo kweli: mtu mwenye tamaa ya urithi alimpaka fosforasi ang'ae gizani ili watu waamini ni laana ya ukoo. Sirizi imeibadilisha. Kuna kambi ya utafiti ya jeshi, na kuna dawa ya kutia hofu iliyochanganywa kwenye ukungu. Ukiuvuta huo ukungu, unaona kile ulichokuja ukikiogopa.

Na usiku ule wa baba yake Henry hapakuwa na jibwa. Palikuwa na mtu. Amevaa kinyago cha kuzuia gesi chenye vioo vyekundu, na fulana yenye picha ya mbwa. Tena mtu wanayemfahamu vizuri tu. Akili ya mtoto ikamchukua yule mtu ikamgeuza mnyama.

Bibi akaacha ungo.

"Sasa huyo si popobawa?"

Binti akacheka. Bibi hakucheka.

Kizazi cha TikTok kinamjua popobawa kama stika ya kuchekesha. Waliokuwa Pemba mwaka 1995 wanamjua vingine. Hofu ilianza hapo kisiwani, mwezi wa Ramadhani, ikavuka kwenda Unguja, ikafika mpaka Bara. Watu walisema kinakuja kivuli usiku, kina mabawa kama ya popo, kinamkandamiza mtu kitandani hawezi kupumua wala kupiga kelele. Wengine walisema ni jinamizi tu. Wengine wakasema ni siasa, maana mwaka huohuo ndio ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Vyovyote vile, watu walihama vyumba vyao. Walilala uani na barabarani kwa makundi, moto umewashwa, Yasini inasomwa, mtu asipitiwe na usingizi peke yake. Mjini Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi lililoamini kwamba popobawa ndiye yeye.

"Na hapa kwetu?" binti akauliza.

"Hapa kwetu hatukuua mtu," Bibi akasema. Akauchukua ungo, akauweka tena chini. "Hapa kwetu tulinyamaza."

Ikatoka stori ambayo binti hakuwahi kuisikia, ingawa amekua ndani yake.

Nyumba ya tatu kutoka kwao anakaa mzee mmoja, mvuvi mstaafu. Tangu binti apate akili, sahani haijawahi kutoka kwao kwenda kwa yule mzee wala kutoka kwake kuja kwao. Alidhani ni ugomvi wa mpaka wa shamba, kama magomvi yote. Kumbe mwaka ule, usiku ambao kijiji kizima kililala nje kuzunguka moto, nyumba moja tu ilifungwa mlango na watu wake wakabaki ndani. Yeye na mkewe. Mke mwenyewe mgeni, ameolewa kutoka Tanga, hata mwaka hajamaliza. Usiku wa kwanza watu wakatazamana. Usiku wa tatu kuna mtu akasema kwa sauti: nani asiyemwogopa popobawa, kama si mwenye popobawa?

Neno likakaa. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Samaki wake wakaanza kurudi na kikapu, ikabidi awe anawapeleka Wete. Hofu ilipopita watu wakarudi vyumbani, lakini lile neno halikurudi lilikotoka. Mke alipofariki miaka michache baadaye, watu walikwenda kuzika, maana maiti haisuswi. Siku ya pili uwanja ulikuwa mtupu.

"Mpaka lini, Bibi?"

"Si unaona mwenyewe. Mpaka leo."

Usiku ule binti hakulala. Aliirudia epsodi yote, na mara hii hakuwa anamwangalia Sherlock, alikuwa anamwangalia Henry. Kule Baskerville mtu alifichwa ndani ya ngozi ya mnyama. Mgogoni ilikuwa kinyume chake: mnyama hayupo, basi watu wakatafuta mtu wa kumvisha ngozi. Na wote, wa kule na wa huku, walikuwa na ushahidi! Henry aliona kwa macho yake. Kijiji nacho kiliona mlango umefungwa. Kila mtu alikuwa mpelelezi usiku ule.

Kesho yake akawa na nadharia. Shabiki ni shabiki. Mzee alikuwa mvuvi, hivyo usiku ule lazima alikuwa baharini, na mkewe mgeni aliogopa kulala nje na watu asiowajua. Kitu kimenyooka, kila kipande kimekaa mahali pake. Akajiona kabisa na koti refu.

Kabla ya magharibi Bibi alikuwa anapakua futari: majimbi ya nazi, samaki wa kukaanga, tambi. Binti akachukua bakuli, akapakua, akafunika kawa. Bibi akamtizama. Hakumuuliza anapeleka wapi, na hakumzuia.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Mzee akaliangalia bakuli, halafu akamwangalia yeye, halafu akatizama njiani kama kuna mtu mwingine nyuma yake. "Umepotea nyumba, mjukuu wangu?"

Binti alikuwa amejipanga kuieleza nadharia yake yote kwa mkupuo, kama anavyofanya yule wa kwenye sirizi, bila kuvuta pumzi. Akakumbuka kwamba kwenye epsodi ileile bingwa mwenyewe alichemka. Aliamini dawa imewekwa kwenye sukari, akamfanyia rafiki yake jaribio la kikatili, na sukari ikaonekana haina kosa. Akakumbuka pia kwamba kitabu kimoja kwenye kasha la babu yake, cha 1984, kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Basi akauliza tu.

"Babu, nina suali. Mwaka ule wa popobawa, kwa nini nyinyi hamkulala nje?"

Mzee alikaa kimya mpaka adhana ikaadhiniwa. Akafuturu kwa tende moja na maji. Ndipo akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa ua.

"Unaliona jiko lile?"

Binti analiona. Amekuwa akiliona tangu mdogo. Jiko la yule mzee liko mbali mno na nyumba, kule nyuma ya minazi, na watoto wa mtaa walikuwa wanasema amelipeleka huko ili watu wasione anachopika.

"Mama alikuwa na pumu," mzee akasema. "Moshi kidogo tu, na pumzi hana. Nyinyi mlilala mmezunguka moto. Ningempeleka wapi?"

Nadharia ya bahari ikafia hapohapo. Usiku ule mzee hakuvua. Alikaa macho ndani mpaka asubuhi, anamwogopa popobawa kama wenzake, huku anasikiliza mkewe anavyopumua.

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Mimi nilikuwa nangojea waje waniulize." Akalivuta bakuli karibu. "Wewe ndiye wa kwanza."

Mke hayupo tena, lakini jiko halijahamishwa.

Binti alirudi na bakuli lina machungwa manne, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akaliweka mbele ya Bibi. Bibi akayahesabu machungwa kwa macho, akakaa kimya, akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Kasema nini?"

"Kasema mkewe alikuwa na pumu. Moshi wa moto wetu ungemuua."

Bibi akakaa na lile neno muda mrefu. Nje watu walikuwa wameanza kupita kwenda tarawehe.

"Moshi tu?" akauliza.

Siku ya pili bakuli lilikwenda tena. Mara hii binti hakutumwa. Bibi alivaa buibui lake akalibeba mwenyewe, akakaa huko mpaka chakula cha nyumbani kikapoa.

Shoga wa Wete bado anauliza kila siku kuhusu ile memori kadi: ameshafika wapi, amemlilia Sherlock mwisho wa sizoni ya pili au bado, anaonaje mwisho wa 2017. Binti anamwambia subiri kwanza, bado yuko epsodi ya Baskerville. Nanyi wadau mliowahi kuipita haraka kwa kudhani ni ya mbwa tu, iangalieni tena, na ikiwezekana muiangalie na mtu mzima aliyekuwepo mwaka 1995. Mtaani kwenu nako, ni nyumba gani ambayo sahani haiendi, na kuna anayekumbuka kwa nini?