Usiishie kwenye bhajia, msomaji

Nikikuomba, msomaji, unitajie vyakula vya Kihindi, bila shaka utaanza na bhajia, ufuate na sambusa na chevda, na ukiwa mtu wa kutembea hotelini utaongeza kuku wa tandoori. Hapo utakwama. Sikulaumu. Nami nilikwama papo hapo kwa miaka mingi, ingawa sikuwa na kisingizio. Mama yangu mzazi alipika vyakula vya Wagujarati kwa miaka 19 katika nyumba moja ya Parklands, kisha jioni akarudi kwetu Jericho kutusongea ugali.

Kwanza tuelewane. Kuku wa tandoori na mkate wa naan si vya Wagujarati, ni vya kaskazini, upande wa Punjab. Wapunjabi ndio waliokuwa wengi miongoni mwa walioletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Wagujarati walikuja zaidi kwa biashara, na baadhi yao walikuwa wakifika pwani kwa majahazi ya kaskazi kutoka Mandvi na Porbandar kabla reli haijafikiriwa. Miongoni mwao wako Waislamu wanaokula nyama, lakini Wahindu wengi na Wajaini hawaigusi. Katika nyumba aliyofanyia mama kazi, ambao walikuwa Wajaini, hata viazi, vitunguu na karoti havikupita mlangoni kwa sababu huchimbwa ardhini. Bhajia zao zilikuwa za ndizi mbichi!

Basi uanze na nini? Anza na dhokla. Mchele na dengu hulowekwa, husagwa, na ule uji mzito huachwa usiku kucha uchachuke. Hupikwa kwa mvuke, si kwa mafuta, ukaumuka ukawa laini wenye matundutundu, kisha hukatwa vipande vya mraba. Mwisho mbegu za haradali hupasuliwa katika mafuta ya moto pamoja na majani ya kari, zikamwagiwa juu, na dania ikanyunyizwa. Ukitafuna utapata uchachu, utamu kidogo, halafu pilipili inakuja nyuma kama mtu aliyechelewa basi.

Ukipenda chapati, tafuta thepla. Ni chapati nyembamba iliyokandwa kwa majani ya uwatu, manjano, pilipili na maziwa mgando. Hukaa siku kadhaa bila kuharibika, ndiyo maana Mgujarati hasafiri bila thepla. Mwanafunzi wa bweni, nadhani hapo umenielewa.

Mama alikuwa akituletea thepla zilizofungwa kwa gazeti. Ndugu zangu walizigombania. Mimi nilizisukuma kando, na sababu yake nakueleza leo. Siku moja shule zimefungwa alinichukua kazini. Nikaona kikombe chake cha bati na sahani yake vikiwekwa chini ya sinki, mbali na vyombo vya wenyeji. Alipika mlo wote, akawaandalia mezani, kisha akala ameketi kwenye ngazi za nyuma. Mwenye nyumba hakuwa mtu wa kufoka, na ndiye aliyemfundisha mama kazi yote ile kwa subira. Lakini kikombe kilikaa chini ya sinki miaka yote hiyo. Mama mwenyewe hakuwa akilalamika. Mimi ndiye niliyeapa kwamba chakula hicho sitakitia kinywani.

Nilichovunjia kiapo ni nduma. Mama alipostaafu alirudi Murang'a, na Krismasi moja akatuwekea mezani visahani vya vitu vya mviringo, vya kijani na kahawia, vimekatwa kama keki iliyokunjwa. Nikala vinne kabla sijauliza. Akacheka. Ilikuwa patra: majani ya nduma yaliyopakwa unga wa dengu uliokorogwa kwa ukwaju, sukari guru na pilipili, yakakunjwa pamoja, yakapikwa kwa mvuke, yakakatwa na kukaangwa. Ukwaju ndio unaosaidia kuondoa ule muwasho. Fikiria, msomaji! Majani yale yale ambayo kwetu tulikuwa tukikata na kuyaacha mtoni.

Nao pia wamechukua kwetu. Muulize Mgujarati wa Nairobi jina la muhogo, atakuambia ni "mogo". Neno hilo walihama nalo hata Uingereza, na huko London utalikuta katika orodha za vyakula hotelini.

Viko vingine ambavyo sitavimaliza hapa. Rotlo ni mkate mnene wa unga wa mawele, chakula cha nchi kavu ya Saurashtra na Kutch, unaoliwa na biringanya la kuchoma lililopondwa. Undhiyu ya Surat ni ya majira ya baridi, hasa Januari 14 watu wanaporusha tiara: biringanya, maharagwe mabichi, viazi vitamu na viazi vikuu, ambavyo zamani vilipikwa katika chungu kilichofukiwa kifudifudi na moto ukawashwa juu. Na kadhi, si yule wa mahakama, ni mchuzi mwepesi wa maziwa mgando na unga wa dengu.

Mwaka jana nilimpeleka mama kwenye hoteli moja ya thali. Unaletewa sinia la stili lenye vibakuli, na wahudumu wanapita na kuongeza mpaka ufunike kibakuli kwa mkono. Kitamu huliwa pamoja na mlo, hakingojwi mwisho. Mama aligeuza kibakuli akakitazama chini. "Ni vile vile," akasema. Kisha akaonja dal, akanyamaza, akamwita mhudumu. "Ni nani amepika hii?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mpishi akatoka jikoni akijifuta mikono, kijana wa Machakos, uso umemparama kwa wasiwasi.

"Kijana, sukari guru unaitia kabla ya ukwaju au baadaye?"

"Pamoja, mama."

"Ndiyo maana. Tia ukwaju kwanza, uchemke. Halafu uonje ndipo utie sukari. Na tangawizi umeifanyia uchoyo."

Kijana akavuta kiti. Walizungumza karibu nusu saa, mama ameketi mezani na sinia mbele yake, huku mimi nikiongezewa khichdi mara tatu bila kuulizwa. Alimwandikisha hata jinsi ya kujua uji wa dhokla umechachuka kwa kunusa tu.

Jumamosi ijayo anakuja Nairobi. Ameniagiza ninunue kilo mbili za unga wa dengu na ukwaju usio na mbegu. Majani ya nduma, amesema, atayakata mwenyewe.