Milango Miwili ya Kungoja

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Moja husema subira yavuta heri. Nyingine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Utotoni nilidhani mmoja wa wazee hao alikosea. Ilinibidi nifike ukubwani na kukabidhiwa seva ya barua pepe ndipo nikajua kwamba wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wake.

Mwaka 2006 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja jijini Dar es Salaam. Mawasiliano yetu yalipita kwenye setilaiti, kwani mkonga wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika kwetu mwaka 2009. Barua ilipanda kiasi cha kilomita 36,000 angani na kushuka tena, hata swali dogo na jibu lake vikachukua kama nusu sekunde.

Kompyuta mbili zinazotaka kuzungumza kwa njia ya TCP huanza kwa adabu tunayoijua. Ya kwanza hubisha hodi; ya pili hujibu karibu; ya kwanza huitikia kwamba imesikia, na mazungumzo yakaanza. Hodi isipojibiwa hurudiwa. Seva yetu ya Linux ya wakati ule ilingoja sekunde 3, ikabisha tena na kungoja 6, kisha 12, 24, 48 na 96, ndipo ikakata tamaa. Jumla yake ni sekunde 189. Mtu mmoja kusimama mlangoni dakika tatu si neno. Lakini programu yetu ilikuwa na wachukuzi 100 tu, na siku za mwisho wa mwezi, barua zilipokuwa nyingi, wengi wao walisimama kwenye milango ya nyumba zilizokwisha kuhamwa. Nyuma yao foleni ilifika maelfu.

Mkubwa wangu alinipa hadi jioni. Nilifungua faili la mipangilio nikakuta vikomo vingi vya kungoja: cha hodi, cha salamu, cha jina la mpokeaji, cha kukiri kwamba barua imepokelewa. Sikutaka kusoma. Vyote nikaviandika sekunde 30. Foleni ikayeyuka mbele ya macho yangu, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa hospitali moja ya mkoani, ambaye mdogo wake alifanya kazi ofisini kwetu.

"Kaka, jana nimeletewa barua kwamba baba amefariki."

"Pole sana, dada."

"Ahsante. Lakini imekuja mara 13. Mlitaka nilie mara ngapi?"

Nilikosa la kusema. Nilipochunguza kumbukumbu za seva nikaona kisa chote. Katika SMTP barua huishia kwa nukta iliyo peke yake kwenye mstari, kisha mtumaji hungoja mpokeaji akiri kwamba ameipata. Mashine ya hospitali, dhaifu kama ilivyokuwa, ilikagua kwanza virusi, na ukaguzi huo ulipita dakika moja. Yangu iliondoka sekunde ya 30, ikahesabu kwamba barua haikufika, ikairudisha kwenye foleni na kuituma tena baada ya nusu saa. Yao iliipokea kila mara. Hivyo usiku kucha, kila nusu saa, mzee yule alikufa upya.

La kuniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuonywa. Mwaka 1988 Craig Partridge aliandika waraka wa RFC 1047 juu ya kosa hilihili la barua kurudufika. Mwaka uliofuata RFC 1123 ikaagiza mtumaji angoje dakika 5 kwa salamu ya kwanza, lakini baada ya ile nukta ya mwisho angoje dakika 10. Mimi dakika hizo nilizichukulia kuwa uzembe wa wazee wa intaneti. Kumbe kila dakika ilikuwa na sababu yake.

Nilirudisha vikomo vyote mahali pake isipokuwa kimoja. Hodi nikaiacha sekunde 30, kwa kuwa asiyefungua mlango hajachukua chochote chako. Waweza kwenda na kurudi baadaye bila madhara. Lakini aliyekwisha kuipokea barua mkononi na kunyamaza, huyo hana budi kungojwa, kwa sababu hujui kama amelala au anaisoma. Foleni haikurudi tena. Maana yake ni kwamba tarakimu moja tu ingetosha tangu mwanzo, na nyingine zote nilizibadili kwa haraka yangu mwenyewe.

Tangu siku ile, kila nikabidhiwapo mtambo wenye foleni, sijiulizi kwanza tungoje muda gani. Najiuliza ni nani anayengojwa, na ameshika nini mkononi.