Wakunga wa Farasi Katika Milima ya Kentucky

Upande wa mashariki wa jimbo la Kentucky, nchi ya Marekani, iko wilaya iitwayo Leslie. Ni nchi ya milima iliyosongamana, yenye misitu mizito na mabonde membamba, na kila bonde lina kijito chake. Wenyeji wake walikuwa karibu wote watu weupe, wakulima wadogo waliokaa katika nyumba za magogo na kupanda mahindi kwenye miteremko mikali, na fedha taslimu waliziona kwa nadra. Mwaka 1925 wilaya ile haikuwa na barabara ya motokaa. Mara nyingi njia ilikuwa ni kijito chenyewe, na msafiri alipita majini juu ya nyumbu wake.

Mama wa huko alijifungulia nyumbani, akisaidiwa na bibi mzee wa jirani. Mwaka 1923 nesi mmoja, Bibi Mary Breckinridge, aliyekuwa amefiwa na watoto wake wawili, alizunguka wilaya tatu za milima hiyo akiwahoji wakunga hao wazee, wapatao 53. Aliwakuta wenye huruma na ushujaa, walakini wengi wao hawakupata mafunzo yoyote. Katika milima ile ilikuwako imani ya kuweka shoka chini ya kitanda cha mzazi, ili likate uchungu. Msomaji asicheke upesi. Kila kabila lina shoka lake.

Bibi Breckinridge akaenda London kusomea ukunga, kisha mwaka 1924 akatembelea nyanda za juu na visiwa vya Scotland, ambako wauguzi walikwisha kuwahudumia wakulima waliotawanyika mbali na madaktari. Aliporudi Kentucky mwaka 1925 alianzisha kazi ambayo tangu 1928 imeitwa Frontier Nursing Service. Nyumba yake kubwa ya magogo ilijengwa Wendover, juu ya mto Middle Fork. Hospitali ndogo ilifunguliwa mwaka 1928 katika mji wa Hyden, ubavuni mwa mlima Thousandsticks, na mgeni wa heshima, Sir Leslie MacKenzie, alitoka Scotland kuja kuifungua. Vituo vidogo vikajengwa mabondeni, kama vile Beech Fork na Red Bird, na kila kituo kilipewa eneo la maili zipatazo 5 kila upande, ili nesi aweze kumfikia mgonjwa kabla hajachelewa.

Wakunga hawa walisafiri kwa farasi, mchana na usiku, hata wakati wa barafu na mafuriko. Mikoba miwili iliyoning'inia kwenye tandiko ilibeba aproni safi, glovu, beseni, mizani ya kumpimia mtoto, nyuzi safi za kufungia kitovu na matone ya silva naitreti ya kuyakinga macho ya mtoto yasipofuke. Ndani yake kilikuwamo pia kitabu kidogo cha maagizo yaliyokubaliwa na madaktari, kinachoeleza nesi afanye nini peke yake, na ni wakati gani hapana budi daktari aitwe.

Lakini kazi kubwa haikuwa ile ya usiku wa kuzaa. Mama alitakiwa ajiandikishe mapema, na tangu hapo nesi alimwendea mara kwa mara, akampima nguvu ya msukumo wa damu na kuuchunguza mkojo wake. Dalili hizo mbili hutangulia kifafa cha mimba, nao ugonjwa huo huua mama na mtoto pamoja. Aliyeonekana kuwa na hatari alipelekwa Hyden siku zikingalipo. Baada ya kuzaa, nesi alirudi tena na tena kumtazama mama asipate homa, na kukitazama kitovu cha mtoto. Kila ziara iliandikwa. Malipo ya uzazi yalikuwa dola 5, na asiyekuwa nazo alilipa kwa kuku, kwa malisho ya farasi au kwa kutengeneza ua.

Ni maandishi hayo yaliyoleta ushahidi. Mwaka 1932 Daktari Louis Dublin wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life alizichunguza hesabu za uzazi 1,000 wa kwanza. Hakuona mama hata mmoja aliyekufa kwa sababu iliyotokana moja kwa moja na mimba au uzazi. Miaka hiyo Marekani nzima ilikuwa ikipoteza mama zaidi ya 6 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, na miji yake ilikuwa imejaa madaktari. Wengi wa akina mama wa Leslie walizalia kwenye vitanda vyao wenyewe, kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Si kila jambo la Bibi Breckinridge ni la kusifiwa, kwa kuwa alishika ubaguzi wa rangi wa watu wa Kusini wa zama zake. Alifariki mwaka 1965. Vita vilipoanza mwaka 1939, wakunga wake wengi Waingereza walirejea kwao, akalazimika kufungua chuo hapo hapo milimani. Farasi walikwisha kupisha magari ya jipu, nacho chuo kimehama Hyden. Siku hizi wanafunzi wake husomea nyumbani kwao, na mafunzo ya vitendo huyapata katika hospitali na zahanati za huko huko wanakoishi.