Mpira wa dripu sio mpira wa petroli

Simulizi za nesi wa milimani, sehemu ya 7

Leo tunatoka kidogo wodini tunaingia gereji. Najua kuna watakaoandika huko chini, "nesi na injini wapi na wapi". Wewe soma tu, utaona hospitali inaingiaje.

Mdogo wangu wa kiume ana Subaru Impreza WRX. Wanaojua wanajua. Kwa wasiojua, ni lile gari la chini chini lenye tundu kwenye boneti, lina turbo, likiwa linapanda kona za Soni unalisikia kabla hujaliona. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, kama magari yetu mengi. Mimi binafsi sioni raha ya gari la mbio kwenye barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita kama 33 za kona, mbele yako lori la kabichi, nyuma yako basi dogo linakupigia honi. Lakini hela ni zake, na ndiye anayempeleka mama kliniki ya presha. Kwa hiyo nanyamaza.

Julai, ule mwezi wa kuvaa masweta mawili, akaanza kulalamika kwamba gari linanuka petroli asubuhi. Akashuka nalo Mombo kwa fundi. Fundi akafungua boneti, akanusa, akawasha, akamulika, hakuna kitu. Likapanda Lushoto, kesho yake asubuhi harufu ile ile. Akashuka tena, hakuna kitu tena. Safari ya tatu fundi akamwambia, "Kaka, labda ni pua yako."

Sasa mgonjwa akija kwetu na maumivu yanayokuja na kuondoka, ukimpima ukakuta yuko sawa, humwambii anajifanya. Unamuuliza. Yanaanza saa ngapi? Ukiwa wapi, unafanya nini? Yanaondoka lini? Nikamkalisha mdogo wangu jikoni kwa mama nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema ni asubuhi tu, injini ikiwa ya baridi. Ni Lushoto tu. Siku ya ukungu inazidi. Likishatembea dakika kumi harufu inakata. Alipolala nalo Tanga, halikunuka kabisa.

Umeshaona? Mombo iko chini kwenye joto. Lushoto tuko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Julai tunalala na mablanketi mazito. Mpira wa petroli ukizeeka unakuwa mgumu. Kwenye baridi unasinyaa kidogo, klipu inayoubana haiufuati, panabaki kijipengo ambacho macho hayakioni lakini petroli inakiona. Injini ikipata moto mpira unatanuka, pengo linaziba. Yaani fundi wa Mombo wala hakudanganya, ila alikuwa anampima mgonjwa wa baridi kwenye joto. Baadaye nilikuja kujua kwamba Subaru za aina hii zinajulikana kwa ugonjwa huo hata kwenye nchi zenye baridi kali kuliko yetu, na mahali penyewe ni pale pale: mipira mifupi ya petroli iliyojificha chini ya manifoldi ya hewa, juu ya injini.

Ngoja nieleze mzunguko wenyewe, maana bila hapo hutaelewa ugomvi wetu ulitoka wapi.

Pampu iko ndani ya tenki huko nyuma. Inasukuma petroli mbele mpaka kwenye bomba lenye nozeli. Nozeli zinachukua kidogo tu zinachohitaji. Mwisho wa bomba pana regyuleta ambayo inashikilia presha, halafu petroli yote iliyobaki inarudi tenki kwa mpira na bomba jingine. Ndio huo mpira wa kurudisha. Gari likiwa limesimama linanguruma tu, sehemu kubwa ya petroli inayosukumwa inarudi ilikotoka. Ni kama damu, inakwenda kwa ateri inarudi kwa veni. Na kama mwilini, upande wa kwenda ndio wenye presha. Injini nyingi za namna hii zinatumia kama bar 3. Ukiibadilisha kwa kipimo tunachompimia mama, ni zaidi ya 2,200. Mama presha yake ya juu ikifika 160 tu nyumba nzima hailali.

Hiyo regyuleta ina kijimpira kinachoiunganisha na manifoldi. Turbo ikianza kusukuma hewa, regyuleta nayo inapandisha presha ya petroli kwa kiasi kile kile, ili nozeli zisizidiwe na hewa. Ndio maana mafundi wa magari ya mbio, hata kwenye gari ambalo kiwandani halikuwekewa mpira wa kurudisha, wanauongeza wao. Na ndio maana mpira huo usijikunje hata kidogo. Ukibanwa njiani, petroli inakosa pa kurudia, presha inapanda, injini inakunywa kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Basi mdogo wangu akapata fundi mwingine, simtaji na gereji simtajii mtu. Huyu alikubali kwamba kuna kuvuja. Akasema kufungua manifoldi yote kwa ajili ya vipande vya mpira ni kazi ya siku nzima, yeye ana njia fupi: aukate ule mpira wa kurudisha pale unapotokea, apitishe mwingine kwa nje, mwangavu, "unaona mafuta yanavyopita". Mpira gani? Saa mbili usiku simu yangu inalia. "Dada shikamoo. Samahani, kesho ukitoka zamu nibebee mpira wa dripu. Miwili."

Manesi wenzangu mnaosoma hapa mnacheka kwa uchungu, najua. Hakuna nesi ambaye hajaombwa mpira wa dripu. Wa pikipiki, wa jenereta, wa kunyonyea mafuta kwenye tenki, hata wa kufungia kuku. Watu wanadhani hospitali ni duka lisilo na muuzaji. Mpira mpya ni wa mgonjwa, umenunuliwa kwa ajili yake. Uliotumika una damu ya mtu, unakwenda kwenye taka za maambukizi na kuchomwa. Hakuna wa katikati unaobaki kwa ajili ya Subaru.

Nikamwambia hapana. Akasema wenzangu wanatoa. Nikamwambia waombe hao wenzangu. Akakata simu, na siku mbili hakupokea yangu.

Lakini hata ungekuwa wa bure na halali, nisingempa, na sababu yake ni ya darasani kabisa. Mipira mingi ya dripu ni plastiki ya PVC. PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji la kijivu. Ule ulaini unatokana na kemikali inayochanganywa, ya kawaida kabisa inaitwa DEHP, na kemikali hiyo haijafungwa imara humo ndani. Ikikutana na kitu chenye asili ya mafuta inatoka. Ndio maana dawa ya saratani inayoitwa paclitaxel haitakiwi kupitishwa kwenye mipira ya PVC yenye DEHP: kimiminika ilichoyeyushiwa kinaivuta kemikali hiyo na kuipeleka mwilini kwa mgonjwa. Kama kimiminika cha dawa kinaweza hivyo, petroli je?

Ushahidi niliupata nje ya geti. Kuna kijana wa bodaboda huwa anapaki pale, pikipiki yake ilikuwa imefungwa mpira wa dripu kutoka tenki kwenda kabureta. Nikamwomba niushike. Ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, mgumu kama mrija wa soda. Nikauminya kidogo tu karibu na kiungo, ukapasuka mkononi mwangu, petroli ikanichuruzikia vidoleni. Tukatazamana. Na hiyo ni pikipiki, petroli inashuka yenyewe kwa mteremko, hakuna pampu, hakuna turbo la moto sentimita chache pembeni.

Kijana akanipa kile kipande. Nikakipeleka nyumbani nikamwekea mdogo wangu mezani bila kusema neno.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinaninyima usingizi hasa. Huku kwetu nyumba zinakaa kwenye mteremko kama ngazi. Gari linalala kwenye kiwanja kidogo cha juu, karibu na barabara. Hatua kama kumi chini yake ndipo jiko la mama lilipo, na mama anawasha kuni kabla ya adhana ya alfajiri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukapotea, unatambaa chini kama ukungu wetu, unafuata mteremko na kutuama kwenye mashimo. Na petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ambayo Lushoto haijawahi kuiona. Kwa hiyo saa ile ile gari linapovuja zaidi, alfajiri ya baridi, ndio saa mama anapuliza moto huko chini. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililipuka watu wakichota petroli, wakafa zaidi ya 100. Waliouguza majeruhi wa moto wa petroli hawahitaji maelezo marefu.

Mdogo wangu nilipomwonyesha jiko lilipo na gari lilipo, alinyamaza. Jioni ile akalisukuma gari mpaka kwa jirani wa chini yetu ambaye hapiki kwa kuni upande ule. Hatukuliwasha tena mpaka lilipotengenezwa.

Mpira tuliupata Tanga mjini. Usiniulize bei, ila ulizidi mara nyingi ule wa kupimiwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya maji. Tafuta maandishi ubavuni. SAE J30R7 ni wa presha ndogo, magari ya kabureta. SAE J30R9 ni wa injini za nozeli, ndani una tabaka linalozuia petroli kupenyeza. Muuzaji alisema upande wa kurudisha R7 inatosha. Kwa presha huenda yuko sahihi, lakini pale chini ya manifoldi pana joto, na ukishafungua kazi yote hiyo huwezi kubania mita moja. Tukachukua R9 kwa pande zote mbili. Klipu nazo tulichukua zile za utepe laini zenye boliti, sio zile zenye matundu ambazo ukikaza zinakata mpira.

Fundi wa tatu alipanda kutoka Korogwe, mtu mzima, mpole, anafanya kazi kimya. Nilikuwa mapumziko nikakaa kwenye kigoda nikamtazama, na niwaambie ukweli alinikumbusha wodi ya upasuaji ilivyo nzuri. Injini ya baridi. Akatoa fyuzi ya pampu, akawasha gari likajifia lenyewe, presha ikaisha. Akafungua kifuniko cha tenki. Akatoa waya hasi wa betri. Akauliza jiko liko wapi na simu ya nani iko wazi. Mtungi wa unga wa kuzimia moto, ule ambao trafiki huwa anauulizia, akauweka mkononi mwa mdogo wangu baada ya kuangalia mshale uko kwenye kijani. Ndipo akaanza kufungua manifoldi.

Mipira ya zamani ilitoka kama vipande vya muhogo mkavu. Mmoja ulikuwa na ufa unaozunguka pale klipu ilipokaa. Mipya akaipima, akaikata kwa kisu kikali ili mdomo uwe mnyoofu, akaisukuma mpaka ikapita ule ukingo ulioinuka kwenye bomba, klipu ikakaa nyuma ya ukingo. Kila kipande alikiangalia kisijikunje, kisiguse chuma chenye makali, kisipite karibu na turbo. Njia fupi ya kupitisha kwa nje hakuitaja kabisa.

Alipomaliza aliwasha ufunguo bila kuwasha injini, mara nne, pampu ikajaza, yeye anamulika kwa tochi. Kavu. Akawasha injini. Kavu. Mdogo wangu akatoa hela, mzee akakataa kuipokea yote. "Nusu. Nyingine kesho saa kumi na moja alfajiri, likiwa limelala kwenye baridi." Alilala kwetu. Alfajiri tulikuwa watatu na tochi, pumzi zetu zinatoka moshi, tunanusa boneti. Kavu.

Kitu kimoja cha mwisho, hiki ni cha kinesi. Fundi yule alitoa petroli ya tenki kwa pampu ya mkono. Wengi wenu mnanyonya kwa mdomo. Ikikuingia, hatari kubwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni. Usijitapishe, wala usimpe mtu maziwa ili atapike, maana ikipanda tena ndio inaingia kwenye njia ya hewa. Vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, nenda kituo cha afya hata kama unajisikia vizuri, utakaa uangaliwe kwa saa kadhaa. Ukianza kukohoa, kuhema haraka au kusinzia, usisubiri asubuhi. Na ukiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, sio dawa ya meno, sio yai.

Kijana wa bodaboda alipewa kipande cha R9 kilichobaki, kikatosha. Kufungia kuku sijui sasa anatumia nini.

Sehemu ya 8 itakuja Jumapili nikitoka zamu ya usiku. Kuna aliyeniuliza kuhusu mama mjamzito kupanda bodaboda hadi Mtae, tutaanza na hilo.